Je, Mbwa wa Labrador Hunuka? Jibu kwa Wakazi Wanaopakana na Mabanda Yetu

Barua iliyotufanya tuandike makala haya haikuwa na ukali wowote. Iliandikwa na wakazi wa mtaa unaopakana na mojawapo ya vituo vyetu vya mpakani, ikapitia kwa mwenyekiti wa LC1, ikagongwa muhuri wake, kisha ikaletwa kwa mkono na mzee mmoja aliyekataa kunywa chai mpaka aone imesomwa yote. Ilikuwa na malalamiko matatu. La kwanza ni kwamba tangu waletwe mbwa wale wakubwa, weusi na wa rangi ya mchanga, mtaa unanuka, hasa mvua ikishanyesha. La pili ni kwamba akina mama wanaokaanga mandazi kando ya ukuta wa kituo wanapoteza wateja. La tatu liliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, kana kwamba mwandishi alisita kulitaja: Waislamu wanaopita kwenye ukaguzi wakielekea msikitini hawajui la kufanya iwapo mbwa atawagusa.

Tuliahidi kujibu kwa maandishi, tena si kwa wakazi hao peke yao. Wanaoishi kandokando ya mipaka yetu, kutoka Busia na Malaba hadi Mutukula na Elegu, hukutana na mbwa wa kunusa au husikia habari zao, na maswali haya tumeyasikia kwa vinywa vingi. Wengine huuliza kwa hofu. Wengine, hasa vijana, huuliza kwa sababu wamempenda mbwa na wanataka kujua watampataje mtoto wake.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Labrador ana harufu. Kila mbwa ana harufu yake, na Labrador huwashinda kidogo mbwa wengi wa manyoya mafupi. Hata hivyo, ule uvundo ulioandikwa katika barua haukuwa wa mbwa, na tutafika hapo.

Mbwa huyu amepewa jina la Labrador, eneo lililo mashariki mwa Kanada, ingawa mababu zake walitoka kisiwa jirani cha Newfoundland. Huko waliwasaidia wavuvi kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki walioponyoka. Waingereza waliwachukua katika karne ya 19, wakawafunza kuleta ndege waliopigwa risasi na kuangukia majini, na mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza kikaandikisha aina hiyo rasmi. Asili hii ina uhusiano mkubwa na pua za majirani zetu. Labrador ni mbwa wa maji. Ana utando kati ya vidole, mkia mnene unaofanana na wa fisi maji, na manyoya ya tabaka mbili: ya juu ni mafupi na magumu, ya ndani ni laini na yamesongamana. Ngozi yake hutoa mafuta yanayozuia maji yasifike mwilini. Mafuta hayo ndiyo yaliyomwezesha kuogelea katika bahari yenye barafu bila kudhurika, na ndiyo hayo hayo yanayompa harufu akiwa huku kwetu karibu na ikweta.

Mafuta hushika vumbi, na humo huishi vijidudu, yaani bakteria na kuvu jamii ya hamira. Vijidudu hivi si ugonjwa. Kila mnyama anavyo, na binadamu pia. Manyoya yakiwa makavu, harufu yake hubaki humo. Yakilowa, maji yanapokauka huondoka na harufu hiyo na kuisambaza hewani. Ni kama udongo wa kiangazi: siku nzima hauna harufu, lakini tone la kwanza la mvua likianguka, kila mtu barazani anaisikia. Kwa hiyo wakazi hawakukosea walipoandika kwamba tatizo huzidi baada ya mvua.

Kuna vyanzo vingine ambavyo mfugaji anapaswa kuvijua, kwa sababu baadhi yake ni dalili. Masikio ya Labrador yameinama na kufunika tundu, hivyo unyevu hukaa ndani. Mbwa akitoa harufu ya uchachu masikioni, akatikisa kichwa na kujikuna mara kwa mara, ana maambukizi, naye ni wa daktari wa mifugo, wala kuogeshwa hakutamsaidia. Mdomo unaonuka sana ni ishara ya meno na fizi mbovu. Chini ya mkia kuna tezi mbili ndogo ambazo zikiziba hutoa harufu kali kama ya samaki aliyelala, na mbwa huburuza makalio chini akijaribu kujitibu. Mbwa pia hutoa jasho kidogo kupitia nyayo. Na tusisahau tabia iliyowaaibisha askari wetu mara nyingi: mbwa mwenye afya njema kabisa, aliyeogeshwa asubuhi, anaweza kukutana na mzoga kichakani akajigaragaza juu yake kwa furaha isiyo na kifani.

Baada ya kuisoma barua, tulikwenda kulikagua banda. Tulichokikuta hakikutupendeza. Mfereji uliojengwa kupeleka maji machafu kwenye shimo ulikuwa umeziba kwa manyoya na mchanga, na mkojo ulituama nyuma ya ukuta, upande uleule wanakokaanga mandazi. Magunia ya kulalia yalikuwa hayajaanikwa kwa muda mrefu. Tena askari wetu, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakiwaogesha mbwa kila juma kwa sabuni ya kufulia. Sabuni hiyo huondoa mafuta yote ya ngozi. Ngozi ikikauka huwasha, mbwa hujikuna mpaka hujijeruhi, na ngozi iliyojeruhiwa hunuka kuliko ile ambayo haijaoshwa. Kwa maneno mengine, kadiri walivyoosha ndivyo walivyoongeza harufu. Kosa lilikuwa letu, na tuliwaambia wakazi hivyo katika mkutano wa kijiji.

Sasa mfereji umezibuliwa na umefunikwa kwa wavu. Kinyesi huokotwa asubuhi na jioni na kufukiwa. Mbwa hulala juu ya vichanja vya mbao vilivyoinuliwa kutoka sakafuni, na matandiko huanikwa juani. Kila siku mbwa hupigwa brashi kwa dakika kumi hivi, jambo linaloondoa manyoya yaliyokufa na vumbi kabla halijageuka harufu. Kuogeshwa huja mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, kwa shampuu ya mbwa, kisha hukaushwa kwa taulo hadi manyoya ya ndani. Akipita kwenye matope, humwagiwa maji matupu. Mwenye mbwa wa aina hii nyumbani akifanya hayo tu, mgeni anayebisha hodi hatajua kuna mbwa ndani mpaka amwone.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tunajitaabisha na mnyama wa namna hii. Tunamfuga kwa ajili ya pua yake. Pua ya binadamu ina vipokea harufu milioni 5 au 6 hivi. Ya mbwa ina zaidi ya milioni 100, na sehemu ya ubongo wake inayochambua harufu ni kubwa sana ikilinganishwa na yetu. Anapovuta hewa, sehemu yake huenda mapafuni na sehemu nyingine huelekezwa kwenye chumba cha nyuma ya pua, huko ikachambuliwa. Sisi tukiingia jikoni husema tunasikia harufu ya mchuzi. Mbwa husikia kitunguu, nyanya, bizari, mafuta na sufuria iliyoungua jana, kila kimoja peke yake. Ndiyo maana wanaofunga bangi ndani ya kahawa au kuipaka manukato hujisumbua bure: mbwa husikia kahawa, husikia manukato, kisha husikia bangi. Kwa pua hizi hizi hutafutwa vilipuzi na pembe za ndovu. Katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe mbwa wamekuwa wakinusa mizigo kutafuta nyara za wanyamapori. Wanaoikumbuka Julai 2010 mjini Kampala wanajua thamani ya kilipuzi kugunduliwa kabla hakijafika penye watu.

Kati ya mbwa wenye pua nzuri, Labrador hupendelewa kwa kazi ya kukagua watu na mizigo kwa sababu mbili. Kwanza ni mpole. Hakufunzwa kuuma, na akikaribia foleni yenye watoto, mara nyingi mkia wake ndio unaowasumbua. Pili ni mlafi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro katika jeni moja inayohusika na kumwambia mnyama kwamba ameshiba. Mbwa wa namna hii atafanya kazi saa nzima kwa ajili ya kipande cha biskuti au mpira wake. Ulafi huo una gharama. Tumemwona mbwa mchanga mafunzoni akisimama mbele ya lori la mukene huku udenda ukimdondoka na miguu ikitetemeka, akimtazama mwongozaji wake kama mtoto aliyekatazwa nyama siku ya sikukuu. Alipita bila kugusa kitu. Lakini ndugu msafiri, tunakuomba usimtupie chochote. Kipande kimoja cha chapati chaweza kuharibu mafunzo ya miezi mingi.

Mbwa akigundua alichofunzwa, haruki wala habweki. Huketi chini, au husimama tuli akielekeza pua. Hapa tunataka kueleweka vizuri, kwa kuwa yupo kijana mmoja wa bodaboda aliyeumizwa na jambo hili. Mbwa aliketi mbele ya mkoba wake. Watu waliokuwapo wakaanza kupiga kelele kwamba amekamatwa muuza bangi, na mmoja akampiga picha. Mkoba ulipofunguliwa ulikuwa mtupu. Aliununua mtumba, na ukaguzi ulionyesha dalili kwamba uliwahi kubeba bangi kabla haujafika mikononi mwake. Mbwa husema harufu ipo. Hasemi ni ya nani, wala iliingia lini. Hivyo kuketi kwa mbwa ni sababu ya askari kukagua, na si hukumu. Una haki ya kukaguliwa kwa heshima, kushuhudia mzigo wako ukifunguliwa, na kuelezwa sababu. Kijana yule tulimwomba radhi mbele ya wenzake wa stejini, ingawa picha, kama mnavyojua, hairudi ilikotoka.

Kuhusu swali la tatu, sisi si mashehe, na hatutatoa fatuwa. Tulikwenda kumwuliza imamu wa msikiti ulio karibu na kituo, naye alitupokea vizuri na kutueleza kwa subira. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Manyoya makavu yakigusa nguo kavu, hakuna najisi inayohama. Baada ya mazungumzo hayo tulibadilisha utaratibu wetu. Mizigo huwekwa chini na wenyewe husogea pembeni. Mbwa hunusa mizigo, si mwili wa mtu. Mwongozaji hushika kamba fupi. Msala, chakula, Msahafu na vitabu vingine vya dini hutolewa kwanza na kukaguliwa kwa mkono. Na ndoo ya maji imewekwa karibu na meza ya ukaguzi. Mwislamu anayeona afadhali asikaribiwe na mbwa aseme tu, “Afande, naomba mbwa asinikaribie.” Hilo halitachukuliwa kuwa dalili ya kuficha kitu.

Tuwageukie wanaotaka kufuga. Tulipowauliza askari wanaoishi na mbwa hawa jinsi maisha yao yalivyo, jibu la kwanza la karibu kila mmoja lilihusu manyoya. Labrador hupukutisha manyoya mwaka mzima. Utayakuta kwenye shuka, kwenye sare iliyopigwa pasi, na wakati mwingine kwenye chai. Jibu la pili lilikuwa viatu. Hadi afike miaka miwili au mitatu, mbwa huyu ni mtoto mwenye meno ya mtu mzima, na huonja dunia kwa kuitafuna. Asipofanyishwa mazoezi ya saa moja au zaidi kila siku atatafuta kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo mwenye nyumba hataipenda.

Dume aliyekomaa hufikia kilo 30 na zaidi, na chakula chake kinalingana na mwili huo. Apimiwe, kwa kuwa mwenyewe hatajua kuacha. Unene huharibu nyonga na viwiko vyake, ambavyo tayari ni viungo dhaifu katika aina hii. Posho peke yake haimtoshi, anahitaji nyama, mukene au mayai. Tafadhali asipewe unga ulioota ukungu kwa kisingizio kwamba “ni wa mbwa tu”. Sumukuvu iliyomo huua ini la mbwa kama inavyodhuru la binadamu, na mtu asiwaze kwamba kilichokataliwa na kuku kitamfaa mbwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Wanaotaka mlinzi wa boma wajue mapema kwamba watavunjika moyo. Labrador atamkaribisha mwizi na, akiwa na bahati, atamwonyesha jiko lilipo. Joto nalo ni adui yake. Yule mweusi hasa, mchana wa Elegu, akiachwa juani bila maji au akifungiwa ndani ya gari, anaweza kufa kwa joto kabla ya mtu kumkumbuka. Mazoezi ni ya alfajiri na jioni. Kwa upande mwingine, nyumba yenye watoto itapata rafiki mwaminifu kwa miaka 10 hadi 12, mbwa anayependa watu kuliko anavyowapenda mbwa wenzake. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yao hata hivyo, kwa sababu upole wa kilo 30 waweza kumwangusha mtu.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipita haraka, nalo ni kichaa cha mbwa. Mbwa wanaozurura huvuka mpaka bila hati, na ugonjwa huvuka pamoja nao. Karibu visa vyote vya binadamu duniani hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana, mgonjwa hufa, isipokuwa wachache mno wanaohesabika. Kila mbwa, awe Labrador wa kununuliwa au wa kienyeji aliyeokotwa, achanjwe akifika miezi mitatu, kisha achanjwe tena kila mwaka, na cheti kitunzwe. Mtu akiumwa au akilambwa kwenye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo apate chanjo. Lisipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani, na lisisubiriwe kuona kama mbwa atakufa. Mbwa huyo aripotiwe kwa bwana mifugo au kwetu. Mbwa wote wa mabanda yetu wamechanjwa, na mkazi yeyote anaweza kuomba kuonyeshwa vyeti vyao. Kupe, viroboto, minyoo na funza vinahitaji dawa kwa ratiba pia; funza hasa, kwa kuwa mbwa huwabeba na kuwasambaza uani ambako watoto hucheza peku.

Wapo wanaotuuliza mbwa wetu wakizeeka huenda wapi. Mwenzetu mmoja alimchukua nyumbani mbwa aliyefanya naye kazi tangu akiwa mchanga. Mkewe alikubali kwa sharti kwamba mnyama alale nje. Sharti hilo lilidumu mpaka msimu wa mvua. Sasa mzee huyo mwenye ndevu nyeupe hulala nyuma ya mlango wa jikoni, ananuka kila anaporudi na umande, na mama mwenye nyumba ndiye anayempiga brashi, huku akimgombeza kwa jina lake kamili.

Tukirudi kwa wakazi walioandika, akina mama wawili kati ya watatu wamerejea kukaangia mahali pao pa zamani. Wa tatu amebaki ng'ambo ya barabara, akisema huko amepata wateja zaidi. Ombi lao kwamba shimo la kufukia kinyesi lihamishiwe upande wa mbali wa kiwanja tumelikubali. Mahali pamepimwa na kuchimbwa nusu, lakini saruji ya kujengea kingo zake bado haijafika. Ikifika, mwenyekiti wa LC1 ataarifiwa siku ya kazi, na mzee aliyeleta barua ameomba awepo.